Kasi ya CNC haiko kwenye tangazo: namna ya kuipima mashine na kontrola yake kabla ya kulipa

"Spindo 24,000, mwendo mita 20 kwa dakika, usahihi 0.001." Tangazo la mashine ya CNC halikosi namba hizo tatu, na fundi wa Ngamiani au Makorora hapa Tanga anayetaka kupumzisha patasi huzichukua kama ahadi. Mwenye karakana ya chuma anayechonga vipuri vya korona, zile mashine za kuchakata mkonge, naye huuliza lile lile: kati ya mashine hizi mbili, ipi ina kasi? Muuzaji huonyesha yenye namba kubwa. Mkopo unachukuliwa, mashine inafungwa, kisha ubao wa maua uliopigiwa hesabu ya saa mbili unakula saa tano. Lawama huanzia hapo: mashine feki, umeme mdogo, kompyuta imechoka.

Mara nyingi mashine si feki. Namba zile tatu huenda ni za kweli zote, ila hakuna hata moja inayojibu swali la fundi. Yeye anataka kujua kazi yake, kwa ubora anaoutaka, itakwisha baada ya muda gani. Jibu la swali hilo limejificha katika mambo mawili ambayo tangazo huyaruka: mchapuko wa mashine, yaani wepesi wake wa kushika kasi, na uwezo wa kontrola kusoma na kupanga njia. Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu fedha inayopotea hapa ni ya watu waliojinyima, na kipimo cha kuizuia isipotee hakihitaji chochote zaidi ya saa ya simu na kalamu ya wino.

Majina kwanza

Milingi ni mashine ambayo kisu chake huzunguka kikiila mbao au chuma kilichobanwa mezani. Ni kinyume cha lethi, ambayo huzungusha kazi na kukiacha kisu kimetulia. Ruta ya kuchongea milango ni milingi nyepesi, na yote nitakayoyasema yanazihusu zote mbili.

CNC maana yake ni kwamba kompyuta ndiyo inayoongoza mwendo kwa namba badala ya mkono wa fundi. Wazo la kuongoza milingi kwa namba lilitoka kwa Mmarekani John Parsons, na mashine ya kwanza ya aina hiyo ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT. Ilisoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe umetoweka lakini mtindo wake umebaki: hadi leo programu ni mistari inayosomwa mmoja baada ya mwingine, na kila mstari unasema nenda mahali fulani kwa mwendo fulani. Mafundi huziita amri hizo ji-kodi. G0 ni kwenda haraka bila kukata, G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka, G2 na G3 ni kukata tao.

Spindo ni ile mota inayozungusha kisu. Mlisho ni mwendo ambao kisu husogea nao ndani ya kazi, na hupimwa kwa milimita kwa dakika. Mwendo mtupu ni ule wa G0, kisu kikiwa hewani. Kontrola ni ubongo unaosoma mistari na kuigeuza kuwa mapigo ya umeme ya kuzungusha mota za mihimili, yaani pande ambazo mashine husogea. Inaweza kuwa kompyuta yenye kadi, kidude cha mkononi chenye kioo kidogo na vitufe, au kabati kubwa la Fanuc au Siemens.

Hiyo 24,000 ni ya nini?

Ni mizunguko ya kisu kwa dakika. Spindo ya kawaida ya ruta ina mota ya ncha mbili za sumaku, na inveta, kifaa kinachoipa mota umeme wa mapigo yanayobadilika, ikiilisha umeme wa hezi 400 inazunguka mara 24,000 kwa dakika. Kwa hiyo namba hiyo inaeleza inveta na mota, basi. Haisemi lolote kuhusu kazi kumalizika.

Mzunguko na mlisho vinaungana kwa hesabu fupi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya kisu, mara unene wa chembe ambayo kila jino linatakiwa kukata. Chukua mbao, kisu cha meno mawili, mizunguko 18,000, chembe ya mm 0.1. Unapata mlisho wa mm 3,600 kwa dakika. Chukua aluminiamu, kisu cha kabaidi cha mm 6 chenye meno mawili. Ukichagua mizunguko 8,000, ukingo wa kisu unakwenda kama mita 150 kwa dakika, kiasi ambacho aluminiamu inakivumilia bila shida. Kwa chembe ya mm 0.05 mlisho wako ni mm 800 kwa dakika. Chuma cha kawaida kitakushusha chini zaidi. Anayechonga chuma na kununua spindo ya 24,000 kwa sababu ya ukubwa wa namba amelipia kitu asichokihitaji, tena spindo nyingi za aina hiyo hupoteza nguvu zikizungushwa polepole, na polepole ndiko chuma kinakotaka.

Kuna jambo ndani ya hesabu hiyo linalopuuzwa mno. Mizunguko ikibaki 18,000 huku mlisho halisi ukianguka kutoka 3,600 hadi 600, chembe inashuka kutoka mm 0.1 hadi chini ya mm 0.02. Kwa unene huo jino halikati tena, linasugua. Mninga unaungua, kingo zinakuwa nyeusi, kisu kinapata butu siku hiyo hiyo. Fundi anaona moshi na kupunguza mlisho zaidi, akidhani ameikimbiza mashine kupita kiasi, kumbe tatizo lilikuwa mashine kwenda polepole kuliko alivyoiamuru. Ukikuta mlango una weusi kwenye kona na kwenye maua madogo tu, huku mistari mirefu ikiwa safi, unatazama ushahidi wa mashine isiyofikia mlisho wake pale njia inapopinda. Kisu kizuri zaidi hakitakuponya.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto

Kila aliyepanda kutoka Mombo kupitia Soni anajua kwamba namba ya mwisho kwenye dashibodi haina kazi kwenye barabara ile. Gari linaloweza kukimbia kilomita 180 kwa saa litapanda kwa mwendo wa kona. Linalofika mapema ni lile linaloshika kasi upesi kona ikiisha na kufunga breki upesi kabla ya inayofuata. Ukisafiri usiku linaongezeka jambo jingine: taa. Taa ikimulika mita 10 tu mbele, dereva mwenye akili ataendesha kana kwamba kila baada ya mita 10 pana kona, hata sehemu ambayo barabara imenyooka.

Kushika kasi upesi ndiko kunakoitwa mchapuko. Taa ni uwezo wa kontrola kutazama mbele. Mwendo wa juu wa tangazo ni ile namba ya dashibodi.

Tuweke hesabu. Mashine ya kwanza ina mwendo mtupu wa mita 20 kwa dakika na mchapuko wa mm 500 kwa sekunde kwa kila sekunde. Ili ifikie hiyo mita 20 inahitaji kusafiri mm 111, na mm 111 nyingine za kusimama. Yaani safari yoyote fupi kuliko mm 222 haitaufikia kamwe mwendo uliotangazwa. Mashine ya pili inatangaza mita 10 tu kwa dakika, nusu ya mwenzake, lakini mchapuko wake ni 2,000. Katika safari ya mm 10 kutoka kusimama hadi kusimama, ya kwanza inatumia sekunde 0.28 na ya pili 0.14. Ile "ya polepole" ina kasi mara mbili. Zipe safari ya mm 600 na mambo yanageuka: ya kwanza sekunde 2.5, ya pili karibu sekunde 3.7.

Ipi ni bora, basi? Anayekata mbao ndefu za kabati achukue ya kwanza. Anayechonga maua ya mlango, herufi za mabango, au kalibu ndogo za aluminiamu, achukue ya pili na asitazame nyuma. Muuzaji asiyekuuliza unachonga nini hawezi kukwambia mashine ipi ina kasi.

Mchapuko hauongezwi kwa kuandika namba kubwa kwenye mpangilio. Unatokana na nguvu ya mota, uzito wa daraja linalosogezwa (boriti inayobeba spindo), na ugumu wa fremu. Ukiulazimisha kwenye fremu nyepesi, mashine inatikisika kila kona na mtikisiko unachapwa kwenye kazi kama mawimbi. Kontrola nzuri hupunguza ubaya huo kwa kuupandisha mchapuko taratibu na kuushusha taratibu badala ya kuupiga kwa ghafla, na hiyo ni sababu moja ya mashine mbili zenye mota zile zile kutoa kazi zisizofanana.

Kontrola inaona umbali gani?

Programu ya ua la mlango haina matao mengi ya G2. Programu ya kuchorea inalivunja ua kuwa vipande vifupi vilivyonyooka, pengine vya mm 0.1 kila kimoja, maelfu kwa maelfu. Kontrola isiyotazama mbele haina budi kujiandaa kusimama mwisho wa kila kipande, maana haijui kinachofuata kinaelekea wapi. Kwa mashine yetu ya kwanza yenye mchapuko wa 500, kipande cha mm 0.1 kutoka kusimama hadi kusimama hakiruhusu zaidi ya mm 424 kwa dakika pale kileleni, na wastani ni nusu yake. Uliamuru 3,600, umepata 212. Umeme, spindo na mota hazina hatia hapo.

Kontrola inayotazama mbele husoma vipande vingi kabla ya kuvifikia, ikaona kwamba vinaendelea kuelekea karibu upande ule ule, ikapita bila kusimama. Swali ni vingapi. GRBL, programu ya bure inayoendesha mashine nyingi ndogo kwa kadi ya Arduino Uno, hupanga vipande 16 tu mbele. Kwa vipande vya mm 0.1 hiyo ni mm 1.6 ya barabara. Kwa mchapuko wa 500, anayeona mm 1.6 tu lazima aende kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya umbali huo, nao ni takriban mm 2,400 kwa dakika. Kwa kitu cha bei ile si haba, lakini pana dari, na tangazo halikukuambia lipo. Kontrola za gharama huona mamia ya vipande.

Kuona hakutoshi kama kusoma kwenyewe ni kwa kigugumizi. Kontrola inayochakata mistari 200 kwa sekunde, ikipewa vipande vya mm 0.1, itakwenda mm 20 kwa sekunde, yaani mm 1,200 kwa dakika, hata uandike 10,000 kwenye programu. Sasa rudi kwenye ule ubao wa maua. Una mm 300 kwa 600, kisu kinapita kila baada ya mm 0.5, kwa hiyo mapito 600 ya mm 600 kila moja: mita 360. Kwa mlisho wa mita 3 kwa dakika ni saa mbili. Kwa mita 1.2 ni saa tano. Hazikupotea popote pengine zile saa tatu.

Kizuizi kingine ni waya. Mashine za zamani zinazopokea programu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa serial wa biti 9,600 kwa sekunde hupokea kama herufi 960 kwa sekunde. Mstari mmoja ukiwa na herufi 25, hiyo ni mistari 38 kwa sekunde, na kwa vipande vya mm 0.1 mashine haiwezi kuvuka mm 230 kwa dakika. Inatetemeka, inasimama, inaendelea, kama yenye kwikwi. Karakana iliyonunua milingi kuukuu ya Ulaya, chuma kizito kisichotikisika, inaweza kuikatia tamaa kwa sababu ya waya tu, wakati mashine yenyewe bado ina miaka mingi ya kazi.

Watu hudhani kununua kompyuta mpya kutaongeza kasi. Pale ambapo kompyuta yenyewe ndiyo kontrola, ikitoa mapigo moja kwa moja, inaweza kusaidia. Kwenye mashine ya kidude cha mkononi kinachosoma flashi, kompyuta yako haishiriki kabisa katika kukata. Ingeweza hata kuzimwa.

Mapigo, hatua, na ile 0.001

Mota za hatua huzunguka kwa mapigo. Mota ya kawaida hugawa mzunguko katika hatua 200, na dereva, kisanduku kinachoilisha mota umeme, huzigawa zaidi. Ukigawa kwa 8, kwenye skrubu inayosogeza mm 5 kwa mzunguko, unapata mapigo 320 kwa kila milimita. GRBL kwenye kadi ile ile hutoa takriban mapigo 30,000 kwa sekunde, kwa hiyo dari ni kama mm 5,600 kwa dakika. Fundi akisikia kwamba kugawa zaidi kunaleta usahihi, anaweka 32. Mapigo kwa milimita yanakuwa 1,280 na dari linashuka hadi mm 1,400 kwa dakika. Ameiua robo tatu ya kasi, na usahihi alioutafuta hakuupata.

Hakuupata kwa sababu kipande kidogo kabisa ambacho kontrola inaweza kukiamuru si kipimo cha mahali kisu kitakapofika. Kati ya amri na ncha ya kisu kuna skrubu yenye ulegevu, reli, daraja linalopinda, na kisu chenyewe kinachosukumwa na mbao. Ile 0.001 ya tangazo mara nyingi ni tarakimu ya mwisho kwenye kioo.

Wengine hujibu yote haya kwa neno moja: sevo. Sevo ni mota yenye kipimo kinachoirudishia kontrola habari ya mahali ilipo, na hilo ni jema kweli, maana mota ya hatua isiyo na kipimo ikizidiwa huruka hatua kimya kimya na kazi yote inayofuata inahama. Lakini sevo nayo hufuata amri kwa kuchelewa. Ikiwa imepangwa ili kila mita 1 kwa dakika ilete uchelewaji wa mm 1, basi kwa mita 3 kwa dakika meza iko mm 3 nyuma ya pale kontrola inapodhani inaelekea. Kwenye mstari mnyoofu hutaona kitu. Kwenye kona, mhimili mmoja unaanza kusogea kabla mwenzake hajamaliza, na kona inakuwa mviringo. Kontrola nzuri hutanguliza amri ili kuufuta uchelewaji huo, ila lazima mtu aipange. Sevo iliyopangwa vibaya huharibu kazi kwa kasi zaidi kuliko mota ya hatua iliyopangwa vizuri.

Ndiyo maana kasi haipimwi peke yake. Kontrola yoyote inaweza kufanywa ionekane ya haraka kwa kuiruhusu ikate kona. Kwenye kontrola nyingi amri ya G61 inailazimisha kufuata njia kamili, na G64 inairuhusu kulainisha. Anayekuonyesha mashine inayokimbia bila kukuonyesha kona zake amekuonyesha nusu ya habari.

Vipimo vya nusu saa

Haya hufanywa hewani, bila kisu, mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu cha dharura. Mashine ikiwa China, muuzaji afanye kwa faili lako mwenyewe, saa ikionekana ndani ya video. Mkiwa kwa muuzaji Dar es Salaam, kaeni mezani pake mpaka mmalize.

Andika duara la kipenyo cha mm 50 kwa G2, mizunguko kumi, mlisho 3,000. Njia nzima ni mm 1,571, kwa hiyo sahihi ni sekunde 31 na kidogo. Kisha litoe duara lile lile likiwa limevunjwa vipande vya mm 0.1, mistari kama 15,710, mlisho ule ule. Pima tena. Duara la kwanza likichukua sekunde 32 na la pili 79, umeshika ugonjwa: mashine inaweza, kontrola haiwezi. Gawanya 15,710 kwa 79 nawe una mistari 200 kwa sekunde, namba ambayo ningetamani kila tangazo lilazimishwe kuichapa. Yote mawili yakiwa ya polepole, tafuta kwenye mchapuko au kwenye mlisho uliofungiwa ndani ya mpangilio.

Usiamini mlisho unaoonyeshwa na kioo wakati wa kipimo hiki. Kontrola nyingi huonyesha ulichoamuru, wala si kinachotokea. Saa ya simu haina upande.

Kwa mchapuko, iamuru mashine iende na kurudi mm 10, safari mia moja (kwenda ni safari moja, kurudi ni nyingine), kwa mwendo mkubwa kuliko inavyoweza kuufikia. Gawanya sekunde kwa 100 upate muda wa safari moja, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya 40 kwa jibu hilo. Safari mia zikichukua sekunde 28, mchapuko ni kama 500. Zikichukua 14, ni kama 2,000. Fanya kwa kila mhimili, maana ule unaobeba daraja lote mara nyingi ni dhaifu kuliko wenzake, na huo ndio utakaoamua kasi ya maua yako. Kabla ya kuanza, weka geji ya mshale yenye kishikizo cha sumaku iguse mhimili na uiweke sifuri. Baada ya safari zote mshale usiporudi ulipokuwa, mashine imeruka hatua, na mwendo ule ni wa kutupwa.

Kona zipime kwa kalamu. Ifunge kalamu ya wino mahali pa kisu, kwa springi ndogo ili isivunjike, uchore mraba wa mm 50 kwa mlisho wa 500. Juu yake, palepale, chora tena kwa 4,000. Mistari ikilaliana na kona zikabaki kali, hapo una kontrola. Wa pili ukiwa na kona za mviringo, au mistari yenye mawimbi baada ya kona, umeona kwa macho bei ya kasi hiyo. Viwanda vya ndege vya Marekani vina kipande chao cha majaribio, NAS 979, chenye duara, mraba uliogeuzwa na mraba mnyoofu kwa pamoja, na kinakatwa kwa sababu zile zile. Fundi wa chuma akate kitu cha namna hiyo kwenye aluminiamu na kukipima kwa vernia: duara likiwa pana upande mmoja kuliko mwingine, mihimili haikubaliani.

Aliyekwisha kununua naye ana la kufanya kabla ya kutoa fedha nyingine. Afungue programu ya kuchorea atazame uvumilivu wa njia, yaani kosa linaloruhusiwa kati ya mchoro na vipande. Kwenye duara la mm 50, vipande vya mm 0.1 vinafuata mviringo kwa kosa la mm 0.00005, jambo ambalo mbao haitalijua kamwe. Vipande vya mm 1 vina kosa la mm 0.005, na karatasi moja ya daftari ina unene wa takriban mara ishirini ya hapo. Mistari imepungua mara kumi. Ile kontrola ya mistari 200 kwa sekunde sasa haizuii chochote. Pale panapowezekana aitake programu itoe matao ya G2 na G3 badala ya vipande, arudishe mgawanyo wa mota kutoka 32 hadi 8, na aendeshe kazi kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine badala ya waya. Kisha arudie duara lake la kwanza. Maua yenye mikunjo midogo sana yatadai vipande vifupi hata hivyo, na kwa kazi za namna hiyo, kama saa bado inasoma 79, kinachobadilishwa ni kontrola peke yake; fremu, skrubu na spindo vinabaki vilivyo.